Kupumzika ni Sehemu ya Kazi

Haya ni mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa serikali wenye dhamana ya kusimamia michezo ya vijana.



Mwezi wa Agosti mwaka 1972, katika bwawa la Michezo ya Olimpiki mjini Munich, wanaume wawili waligusa ukuta kwa pamoja baada ya kuogelea mita 400 kwa mchanganyiko wa mitindo minne. Ubao wa matokeo ulionyesha muda ule ule kwa wote wawili: dakika 4, sekunde 31 na sehemu 98 za mia. Waamuzi wakarudi kwenye mitambo na kusoma tarakimu ya tatu. Hapo ndipo Gunnar Larsson wa Sweden alipotangazwa mshindi mbele ya Tim McKee wa Marekani. Tofauti yao ilikuwa sehemu mbili za elfu moja za sekunde. Baadaye kanuni zilibadilishwa. Siku hizi muda huhesabiwa hadi sehemu ya mia ya sekunde tu, na waogeleaji wanaolingana hupewa nafasi moja.

Kisa hicho chatosha kuonyesha jinsi mchezo huu ulivyo mwembamba. Mwalimu wa kuogelea hufanya kazi mwaka mzima na kijana wake, asubuhi na jioni, ili kupata sekunde moja, pengine nusu yake. Basi si ajabu kwamba msimu unapofika ukingoni, na mashindano ya ubingwa yanapobisha hodi, watu wazima huingiwa na hofu. Kocha huongeza kazi. Mzazi huongeza maneno. Kiongozi wa klabu huongeza ahadi, na wakati mwingine vitisho. Kila mmoja hudhani anamsaidia mtoto.

Mazungumzo haya yanahusu wiki hizo za mwisho, na hoja yake ni moja: katika wiki hizo kazi kubwa ya mtu mzima ni kujizuia. Historia ya kuogelea ina mifano miwili juu ya jambo hili, mmoja wa Sydney na mwingine wa Berlin. Yafaa iwekwe pamoja ili ipimwe.

MZIGO WA MSIMU

Kwanza hapana budi kueleza jinsi msimu wa vijana unavyokwenda katika nchi ambazo mchezo huu umeota mizizi. Nchini Marekani, kwa mfano, watoto hushindanishwa kwa makundi ya umri. Wenye miaka kumi na pungufu huwa peke yao. Wa miaka 11 na 12 peke yao. Wa 13 na 14 vivyo hivyo. Kisha hufuata wakubwa wao. Mpango huo una maana yake. Mtoto wa miaka tisa hapimwi kwa kifua cha kijana wa miaka kumi na saba.

Msimu huanza kwa masafa marefu na mwendo wa wastani, ili moyo na mapafu vijengeke. Katikati huja kazi ya kasi: vipande vya mita 50 au 100 vinavyorudiwa mara nyingi, na katikati ya vipande hivyo mapumziko yanayohesabiwa kwa sekunde. Mwisho huja mashindano ya ubingwa. Huko mtoto haingii kwa kuomba wala kwa kujuana. Huingia kwa kuwa amekwisha kufikia muda uliowekwa.

Kijana wa miaka 15 au 16 katika klabu kubwa huweza kuogelea kilomita tano au sita kwa kipindi kimoja, na siku nyingine akawa na vipindi viwili, alfajiri kabla ya shule na jioni baada ya masomo. Mkimbiaji hawezi kustahimili saa nyingi kiasi hicho, kwa maana ardhi humwumiza miguu. Mwogeleaji hubebwa na maji, na kwa sababu hiyo maji humdanganya mwalimu wake. Uchovu wa mkimbiaji huonekana kwa kuchechemea. Uchovu wa mwogeleaji hujificha. Hujitokeza mahali pengine: katika usingizi darasani, katika chakula kilichobaki sahanini, katika hasira isiyo na sababu, na katika mapigo ya moyo ambayo asubuhi, kabla kijana hajainuka kitandani, yamekwenda juu kuliko kawaida yake.

Jambo jingine humchanganya mwalimu. Katika miezi ya kazi nzito, kijana mwenye bidii huweza kuonyesha muda mbaya kuliko aliouonyesha mwanzoni mwa msimu. Mwalimu asiyeelewa huona saa imemsaliti. Hudhani mtoto amelegea, naye huongeza mzigo. Kumbe nguvu imo mwilini, ila imefunikwa na uchovu, kama kaa la moto lililofunikwa na majivu. Anayetaka moto haongezi majivu.

WALIYOYAONA SYDNEY

Katika miaka ya 1940 na 1950, watu wawili wa Chuo Kikuu cha Sydney nchini Australia walianza kulichunguza jambo hili kwa utaratibu. Mmoja alikuwa Profesa Frank Cotton, mtaalamu wa kazi za viungo vya mwili, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alibuni vazi la kuwakinga marubani wasizimie wanapogeuza ndege kwa kasi. Mwingine alikuwa mwanafunzi wake, Forbes Carlile, aliyezaliwa mwaka 1921 na kufariki mwaka 2016, ambaye alikuja kuwa mmoja wa makocha mashuhuri kuliko wote katika mchezo huu.

Wawili hao hawakuridhika na kusimama ukingoni na kupiga kelele. Walipima mapigo ya moyo, wakachunguza damu, wakaweka kumbukumbu za kazi ya kila mwogeleaji. Waligundua kwamba mwogeleaji aliyefanya kazi nzito kwa muda mrefu hutoa uwezo wake wote pale tu kazi hiyo inapopunguzwa kwa wiki kadhaa kabla ya mashindano. Utaratibu huo wakaupa jina kutokana na kitu kinachopungua unene polepole kuelekea nchani, kama mti unaochongwa kuwa mkuki. Kwa Kiswahili yatosha kuuita kupunguza.

Maarifa ya baadaye yameunga mkono walichokiona. Mwili unapopewa nafasi, misuli iliyochakaa hujitengeneza upya, na akiba ya sukari iliyomo ndani yake, ambayo ndiyo kuni za mwendo wa kasi, hujaa tena. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Laurent Bosquet walikusanya na kulinganisha matokeo ya uchunguzi mwingi uliokuwa umefanywa kuhusu wanamichezo wa ushindani. Walihitimisha kwamba manufaa makubwa zaidi hupatikana kwa kupunguza kazi kwa muda wa wiki mbili hivi, umbali ukishushwa kwa asilimia 41 hadi 60, huku kasi ya mazoezi na idadi ya vipindi vikiachwa kama vilivyokuwa. Mtafiti mwingine, Iñigo Mujika, pamoja na wenzake, walifuatilia waogeleaji walioshiriki Michezo ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Katika wiki tatu za mwisho za maandalizi, waogeleaji hao waliboresha muda wao kwa wastani wa asilimia 2 na kidogo.

Asilimia mbili yaweza kuonekana ndogo. Lakini kwa anayeogelea mita 100 kwa dakika moja, asilimia mbili ni sekunde moja na sehemu mbili za kumi. Mjini Beijing mwaka 2008, katika mita 100 za mtindo wa kipepeo, Michael Phelps wa Marekani alimshinda Milorad Čavić wa Serbia kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Kwa hiyo anayemnyima kijana mapumziko humnyima kitu kikubwa kuliko tofauti ya dhahabu na fedha.

JINSI INAVYOFANYWA

Kupunguza si kulala. Hapa wengi hukosea kwa upande wa pili. Mwogeleaji anayeachishwa maji kabisa kwa siku kumi hupoteza ile hisia ya maji ambayo viganja vyake vimeizoea. Kinachopunguzwa ni umbali. Tuseme kijana alikuwa akiogelea kilomita 30 kwa wiki. Wiki ya kwanza ya kupunguza aweza kushuka hadi 22, na wiki ya mwisho hadi 12 au 13. Anaendelea kuja bwawani siku zile zile na saa zile zile. Anaendelea kuogelea vipande vifupi kwa kasi ile atakayoihitaji siku ya mashindano, ila vipande ni vichache na mapumziko katikati yake ni marefu.

Umri nao lazima uangaliwe. Kijana wa miaka 17 mwenye misuli mikubwa, anayeogelea masafa mafupi, huhitaji muda mrefu wa kupunguza. Mtoto wa miaka kumi hajabeba mzigo wa kutosha kumchosha hivyo. Siku mbili tatu za kazi nyepesi humtosha. Mwalimu anayewapunguzia wote kwa kipimo kimoja ni sawa na mshonaji anayewakatia watoto wote wa shule sare moja.

Muda unaopatikana kwa kupunguza umbali hutumiwa katika mambo madogo ambayo hayachoshi mwili lakini huamua mashindano. Moja ni kuruka kutoka jukwaani. La pili ni kugeuka ukutani. La tatu ni kugusa ukuta mwishoni bila kuupunguzia mwendo. La nne ni kupokezana: kanuni hairuhusu mwogeleaji wa pili aondoe miguu jukwaani kabla mwenzake hajagusa ukuta, na timu nzima hufutwa kwa kosa la mtu mmoja. Watoto wanne waliofanya kazi mwaka mzima waweza kurudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu mwalimu wao alijishughulisha na kilomita akasahau miguu.

Mashindano ya ubingwa yenyewe hudai hesabu. Kwa kawaida mchujo hufanyika asubuhi na fainali jioni, na huenda kukawa na nusu fainali katikati. Mkenya Jason Dunford aliwafurahisha Waafrika ya Mashariki wengi mwaka 2008 mjini Beijing, alipoweka rekodi ya Olimpiki katika mchujo wa mita 100 za kipepeo kwa muda wa sekunde 51 na sehemu 14 za mia. Rekodi hiyo haikudumu; ilivunjwa katika mashindano yale yale. Dunford aliingia fainali, ile ile ya Phelps na Čavić, akawa wa tano duniani, ingawa hakuufikia tena muda wake wa mchujo. Hiyo ni sifa kubwa kwake na kwa nchi yake. Kwa mwalimu kisa hicho kina funzo la ziada: mwogeleaji hashindani mara moja, hushindana mara mbili au tatu, na kila mara anahitaji nguvu mpya. Ndiyo maana chakula cha mchana, kivuli, maji ya kunywa na saa moja ya kulala kati ya asubuhi na jioni ni sehemu ya maandalizi kama yalivyo mazoezi yenyewe.

Yako pia mambo ya moyoni. Kijana anayepunguziwa kazi hujisikia vibaya siku za kwanza. Mikono humwia mizito, usingizi humpotea, hukasirika upesi, huhisi kila kikohozi ni ugonjwa. Huona nguvu zake zinamtoka. Huomba arudishiwe kazi. Huu ndio wakati kocha hupimwa, kwa kuwa naye ana wasiwasi ule ule. Kocha dhaifu hukubali, humpa kilomita sita za kutuliza moyo, na siku ya mashindano huleta bwawani kijana mwenye moyo mtulivu na misuli iliyochoka. Kocha imara hueleza, husubiri, naye hubaki na wasiwasi wake peke yake.

Walimu wa shule wanalifahamu jambo hili hata kama hawajawahi kusimama kando ya bwawa. Wanamjua mwanafunzi anayekeshwa na kibatari usiku wa kuamkia mtihani, na wanajua anavyosinzia juu ya karatasi asubuhi. Lililoingia kichwani kwa mwaka mzima haliongezwi kwa usiku mmoja. Kwa usiku mmoja laweza kuvurugwa tu.

MSICHANA WA SYDNEY

Matunda ya kazi ya Carlile na mkewe Ursula yalionekana wazi zaidi kwa msichana mmoja, Shane Gould. Mwanzoni mwa mwaka 1972 alikuwa ameshikilia kwa wakati mmoja rekodi zote za dunia za wanawake katika mtindo huru, kuanzia mita 100 hadi mita 1,500. Katika Michezo ya Munich mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 15, alishindana katika michezo mitano ya mtu mmoja mmoja na kuingia majini mara zisizopungua kumi. Alipata dhahabu tatu, katika mita 200 na 400 za mtindo huru na mita 200 za mchanganyiko, na kila dhahabu aliipata kwa rekodi ya dunia. Alipata fedha katika mita 800 na shaba katika mita 100.

Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 16, Shane Gould aliacha mashindano.

Hapo ndipo pa kutafakari. Mwili wa msichana huyu uliandaliwa kwa maarifa kuliko pengine mwili wa mtoto yeyote kabla yake. Lakini hakuna jedwali la mazoezi lililopunguza macho ya taifa zima yaliyokuwa yakimtazama, wala matarajio ya magazeti, wala ugeni wa kuwa mtu mashuhuri kabla ya kuwa mtu mzima. Aliolewa akiwa kijana, akaenda kuishi maisha ya shamba upande wa magharibi ya Australia, akalea watoto wanne. Miaka mingi baadaye alirudi majini kwa hiari yake, akashindana katika mashindano ya watu wazima, na akafanya utafiti wa chuo kikuu kuhusu utamaduni wa kuogelea wa nchi yake. Maji hakuyachukia. Alichokihitaji ni nafasi.

Kwa hiyo fundisho la Sydney lina sehemu mbili. Misuli ya kijana hupumzishwa kwa kupunguza kilomita. Nafsi ya kijana hupumzishwa kwa watu wazima kupunguza madai yao.

NJIA YA BERLIN

Katika bwawa lile lile la Munich, mwaka ule ule, alikuwamo mtoto mwingine. Kornelia Ender wa Ujerumani ya Mashariki alikuwa na miaka 13. Katika mita 200 za mchanganyiko alimfuata Gould na kupata fedha, na kwa jumla alirudi nyumbani na medali tatu za fedha. Wasichana wa nchi yake hawakupata dhahabu hata moja ya kuogelea mjini Munich. Miaka minne baadaye, mjini Montreal mwaka 1976, walichukua dhahabu 11 kati ya 13, na Ender peke yake akapata nne.

Haki yadai kusema kwamba Ujerumani ya Mashariki ilifanya mengi ya kusifiwa katika michezo ya vijana. Nchi ndogo ilijenga mabwawa, ikasomesha makocha, ikaanzisha shule za michezo, na kuanzia miaka ya 1960 ikaandaa mashindano makubwa ya watoto na vijana kutoka pembe zote za nchi, mtoto wa mfanyakazi na wa mkulima wakipata nafasi sawa. Mataifa mengi machanga yalitazama mfano huo kwa matumaini, na hayakuwa na kosa kufanya hivyo.

Lakini mwaka 1974 wakubwa wa michezo wa nchi hiyo walipitisha kwa siri mpango wa taifa wa kutumia dawa za kuongeza nguvu. Vidonge vya homoni za kiume viligawiwa kwa wanamichezo wanaokadiriwa kufikia 10,000 kabla dola hiyo haijakoma mwaka 1990. Wengi wa waogeleaji walikuwa wasichana wadogo. Waliambiwa ni vitamini. Wazazi wao hawakuulizwa.

Yafaa ieleweke dawa hizo hufanya nini, kwa kuwa wengi hudhani humpa mtu kasi kama petroli inavyoipa gari. Sehemu kubwa ya kazi yake ni kuuwezesha mwili kustahimili mzigo mzito na kuwa tayari upesi kwa mzigo mwingine. Kwa maneno mengine, ni njia ya kuiba mapumziko. Kile ambacho Carlile alikingojea kwa wiki tatu, wengine walitaka kukipata kwa kidonge. Na mwili wa mtoto ndio uliolipa deni.

Rica Reinisch alikuwa na miaka 15 alipopata dhahabu tatu katika Michezo ya Moscow mwaka 1980. Baadaye alieleza hadharani jinsi alivyopewa vidonge hivyo na jinsi viungo vyake vya uzazi vilivyoathirika hata akalazimika kuacha kuogelea akiwa bado kijana. Wenzake wengine walieleza habari za sauti zilizobadilika, ini lililoharibika, na mimba zilizotoka. Mwaka 2000 mahakama ya Berlin iliwatia hatiani Manfred Ewald, aliyekuwa mkuu wa michezo wa nchi hiyo, na Dakta Manfred Höppner, kwa kushiriki katika kuwadhuru watoto. Walihukumiwa vifungo vya miezi 22 na miezi 18, vyote viwili vya nje. Waathirika wengi waliona adhabu hiyo ni ndogo.

Waliofanya hayo hawakuwa majambazi. Walikuwa makocha, madaktari, walimu na watumishi wa serikali. Kila mmoja alikuwa na lengo la kutimiza, taarifa ya kuandika, na mkubwa wa kumpendeza. Daktari aliandika kipimo, kocha aligawa kidonge, mkuu wa klabu alihesabu medali. Hakuna aliyejiona anamdhuru mtoto. Kila mmoja alijiona anatimiza sehemu yake ya mpango. Hiyo ndiyo sababu habari hii inawahusu watumishi wa umma kuliko inavyowahusu waogeleaji.

KIPIMO CHA MTU MZIMA

Wako watakaosema kwamba mabwawa ya kuogelea katika Afrika ya Mashariki ni ya kuhesabika, na kwamba mambo ya Sydney na Berlin yako mbali. Ni kweli mabwawa ni machache. Lakini mtoto wa kuharakishwa hapatikani bwawani tu. Yuko katika uwanja wa mpira, ambako umri wake hupunguzwa kwenye karatasi ili acheze na wadogo. Yuko katika mbio, ambako hukimbizwa kila Jumamosi, msimu baada ya msimu, mpaka goti linakataa. Yuko katika darasa la mtihani. Popote alipo, mwisho wa msimu huja na watu wazima wenye hofu, na hofu hiyo huvaa sura ya bidii.

Basi mwalimu anayepeleka vijana kwenye mashindano yampasa ajiulize maswali machache kabla ya wiki ya mwisho. Je, kazi anayoiongeza leo itamsaidia mtoto, au itamtuliza yeye mwenyewe? Je, mtoto huyu anajua kila anachopewa kula na kunywa, na wazazi wake wanajua? Je, akishindwa Jumapili, Jumatatu atapokewa kama mtu yule yule? Mwaka 2000, katika Michezo ya Sydney, Michael Phelps alikuwa kijana wa miaka 15. Aliogelea mita 200 za kipepeo, akawa wa tano, akarudi nyumbani bila medali. Miaka minane baadaye alipata dhahabu nane katika Michezo mmoja. Mwisho wa msimu si mwisho wa mtoto.

Na kiongozi naye ana lake la kujiuliza. Anapodai medali kabla hajaandaa kiwanja, chakula, mwalimu na muda, anamsukuma kocha aliye chini yake kutafuta njia ya mkato. Njia ya mkato ikishatafutwa, hukatizwa juu ya mwili wa mtu, na mtu huyo huwa ni yule mdogo kuliko wote.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Kijana aliyefika mwisho wa msimu amekwisha kuchuma juani; alfajiri zake zimo ndani ya misuli yake. Katika wiki za mwisho kivuli ni haki yake, na mwenye mamlaka ya kumpa kivuli hicho, au kumnyima, ni mwalimu. Kocha mwenye busara, jioni ya kuamkia mashindano, huwatazama vijana wake wakiogelea mita mia chache za kunyoosha viungo, kisha huwaambia watoke majini wangali na hamu ya kuendelea. Huitia saa yake mfukoni na kuwapeleka wakalale.